Mfenesi wa Sebuleni

Hapo zamani, enzi ambazo watu bado walikuwa wanajificha kidogo kabla ya kusema uongo, palikuwa na mlima mmoja na watu wake. Nyinyi mnaotafuna mahindi hapo nyuma, tafuneni polepole. Mwisho nitawauliza swali, na sitaki kusikia mtu akisema hakusikia.

Watu wa mlima huo walikuwa na desturi. Kitovu cha mtoto kikidondoka, kilizikwa mlimani, na juu yake ukapandwa mti. Mti ukishika, ardhi yote ambayo kivuli chake kilifika ilikuwa ya mtoto huyo, na hakuna wa kumwondoa. Mti ukifa, mtoto akawa mgeni wa mlima: alime kwa kuomba, ajenge kwa kuomba, hata kaburi aombe. Na ikijulikana ni nani aliyeuua, huyo alimpa mtoto mti wake mwenyewe, na mgeni akawa yeye. Basi. Sheria haikuwa na kona.

Sasa alikuwepo Senkondo. Alizaliwa mlimani, akateremka mjini, akapata kazi ya kupima kahawa ghalani, akanunua viatu. Tangu anunue viatu hivyo, alianza kusema "watu wa kule juu" kana kwamba yeye alianguliwa mjini. Mkewe, Namkunda, akamzalia binti, wakamwita Nakiete.

Kitovu kilipodondoka, mvua zilikuwa zinanyesha. Namkunda akasema, "Baba Nakiete, twende mlimani tukakizike."

"Na matope yale? Viatu hivi huvioni?"

"Vua viatu."

"Mimi nivue viatu? Sikiliza, mama. Tutakizika kwenye chungu, hapa hapa nyumbani. Mti uote tukiuona, na wageni wauone. Nakiete akianza kung'oka meno, tutaupeleka mlimani ukiwa umeshakuwa mti. Watu wenye akili ndivyo wanavyofanya."

Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kufanya hivyo, lakini Senkondo alisema kwa sauti nzito, na sauti nzito imewapeleka wengi shimoni. Wakatwaa chungu kilichostaafu kupika maharage, wakakitoboa tundu chini, wakajaza udongo, wakaweka kitovu, wakapanda mbegu ya fenesi. Ikaota. Tena iliota vizuri, maana mfenesi haujui kama uko mlimani au kwa watu wajinga.

Ikapita miaka. Mizizi ikaanza kuchungulia kwenye tundu. Namkunda akamwendea mama mkwe wake, Bibi Namangwa, aliyekuwa akiishi nao.

"Mama, mizizi imejaa. Tuuhamishie kwenye pipa."

"Mkamwana! Kitovu hakifukuliwi. Kikifukuliwa, mtoto ataugua. Nani amekulea wewe?"

Mwiko huo haukuwahi kusikika mlimani. Ulizaliwa asubuhi ile ile, ukawa mdogo kuliko mtoto mwenyewe, na baba yake ni wivu wa mama mkwe. Kama wazo la pipa lingekuwa la bibi, wangehamisha kabla chai haijapoa. Basi mizizi, ilipokosa pa kwenda, ikaanza kuzunguka humo humo chunguni. Mti haukusema kitu.

Halafu Senkondo akanunua zulia. Jekundu, lina maua, limetoka mbali. Zulia bila kitu cha kifahari juu yake ni kitambaa tu, kwa hiyo akautoa mfenesi uani penye jua, akauweka sebuleni. Ukimwagiwa, maji yakatoka tunduni, yakalowesha maua ya zulia. Senkondo akapiga kelele nyumba nzima. Akakoroga saruji, akakigeuza chungu ubavu, akaziba tundu, akalipapasa kwa kidole likawa laini.

"Sasa!" akasema.

Mti haukusema kitu.

Kisha akaja dada yake, Nakijwa. Huyu hakuwahi kufua nepi hata moja ya Nakiete, lakini ulezi wa mti aliupenda, maana mti haulii na hauombi kubebwa. Kila mgeni akiingia, Nakijwa huyo, na jagi lake mkononi.

"Mnauona mfenesi huu? Mimi ndiye mlezi wake. Nisingekuwepo ungekuwa kuni." Anamwaga maji. Mgeni anatoka, mwingine anaingia, anamwaga tena. Siku za harusi ya jirani wageni walikuwa wengi, na mti ukanywa kuliko walevi. Mti haukusema kitu.

Jino la Nakiete likang'oka. Siku ya kwenda mlimani ikapangwa, ukoo ukaarifiwa, kuku wakafungwa miguu. Na majani ya mfenesi nayo yakaanza kung'oka. Yakawa manjano, yakaanguka juu ya zulia, hata likabaki jani moja, nalo likaanguka lilipoona liko peke yake.

Unadhani walikiri? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwanza humwacha ajipambe. Nakijwa akachuma majani mabichi kwenye mfenesi wa jirani. Bibi Namangwa akashika sindano. Namkunda akatunga uzi. Senkondo akashika shina lisitikisike. Wakayafunga majani kwenye kijiti kikavu, moja moja, wakavisha chungu kanga, wakapanda mlima wakiimba. Ukitaka kuona ukoo ulioshikamana, watafute siku wanapoficha kitu.

Mlimani shimo lilikuwa limeshachimbwa. Mzee Mrutu, mkuu wa ukoo, akasema, "Pasueni chungu."

"Tuupande nacho," akasema Senkondo haraka. "Chungu ni udongo, na huku ni udongo."

"Pasueni."

Wakapasua. Likatoka tope jeusi linalonuka kama maji ya muhogo uliosahauliwa. Mizizi ilikuwa imejisokota kama kamba ya ng'ombe, imeoza, na chini kabisa kipande cha saruji kimekaa kama mfalme. Jani moja likateleza na uzi wake, likamwangukia Mzee Mrutu mguuni. Watu wa mlimani hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Mzee Mrutu akauliza, "Nani ameua mti wa mtoto huyu?"

Hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Senkondo akasema, "Niliziba tundu, sikatai. Lakini saruji haijawahi kuzamisha mtu. Kilichozamisha ni maji. Dada angemwagilia kwa kiasi, udongo ungekauka wenyewe, na mti ungekuwa hai. Mwenye jagi ndiye muuaji."

Nakijwa akasema, "Ala! Mti usimwagiwe, upewe nini, ugali? Mimi nilimwagilia kama kila mtu anavyomwagilia. Nani aliniambia tundu limezibwa? Kaka aliziba kimya kimya kwa ajili ya zulia lake. Na hata hivyo, maji yangu yangepita wapi, na chungu chote kimejaa mizizi? Ungehamishwa pipani mapema, mizizi ingepata pa kwenda na maji pa kukaa. Mwenye mwiko ndiye muuaji."

Bibi Namangwa akasema, "Nimezeeka niitwe muuaji? Mizizi ilijisokota, ndiyo, lakini mti uliishi nayo hivyo hivyo, na majani yake mabichi. Aliyebanwa anaishi, na mimi nimebanwa kwenye chumba cha mwanangu na ninaishi. Aliyezama haishi. Mimi nilichunga kitovu. Wao walichunga zulia na wageni."

Kisha, kama kuku walioona mdudu mmoja, wote watatu wakamgeukia Namkunda.

"Wewe ulikuwa unafagia pale kila asubuhi!"

Namkunda alikuwa na mparachichi wake pale mlimani, hatua chache kutoka kwenye shimo. Ndicho kitu pekee alichoweza kuita changu bila kumwangalia mtu usoni. Maparachichi yake ndiyo yaliyomnunulia Nakiete nguo aliyovaa siku hiyo. Angeweza kusema hajui, na angeaminiwa.

Akasema, "Sikukataza, sikuziba, sikumwaga. Lakini nilijua. Nilinusa udongo ule mapema, mti ukiwa bado una majani. Siku moja nilishika msumari na jiwe, nikalaza chungu. Pigo moja tu, maji yangetoka. Nikamsikia wifi barazani anawaambia wageni, 'Mama yake hata kumwagilia hajui.' Na mama mkwe akacheka. Na baba Nakiete akacheka. Nikarudisha msumari ukutani. Nikasema, acha ufe. Acha waaibike mbele ya mlima mzima." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilisahau kwamba ni mti wa mwanangu."

"Mmesikia!" akaruka Senkondo. "Amekiri mwenyewe!" Hakuna furaha duniani kama ya mkosaji aliyempata mkosaji mwenzake. Nakijwa akapiga vigelegele, na bibi akakumbuka kumshukuru Mungu.

"Nilikwambia tuhamishe," Namkunda akamwambia mama mkwe wake. "Nikafokewa. Na tangu lini mkamwana akisema humu akasikilizwa?"

"Msumari nao ulihitaji kusikilizwa?" akauliza bibi. Na hapo, ingawa simpendi bibi yule, nakubali alimpata.

Nakiete alikuwa amesimama kando ya shimo, pengo mdomoni, kijiti kikavu mkononi. Alikuwa akifungua nyuzi kwenye majani, moja baada ya nyingine.

"Mama," akauliza, "mgeni akichoka huku mlimani, analala kwa nani?"

Mzee Mrutu, ambaye ndiye aliyelipwa kuku ili ajibu, alikuwa ameshakula kuku, amenawa mikono, na anachokonoa meno. Akasema, "Jambo hili ni zito. Acheni nikalilalie." Akaenda kulala. Nadhani bado amelala, maana wakubwa wa namna hiyo hawaamki mpaka wasikie sahani.

Shimo liko wazi hadi leo. Mvua inalijaza, jua linalikausha, na mtoto anakua bila kivuli. Kwa hiyo nawauliza nyinyi mliomaliza mahindi yangu na kuniachia magunzi. Msiniambie "wote," kwa sababu sheria inadai mti mmoja na mtoto anahitaji mti mmoja, na "wote" ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala kama Mzee Mrutu. Mmoja alikataza kwa wivu, mmoja aliziba kwa fahari, mmoja alimwaga kwa sifa. Na mmoja alijua, akashika msumari, akaurudisha.

Je, ni nani kati yao atoe kivuli chake, Nakiete apate pa kukaa?