Kipimo cha Ngozi Tupu

Ndugu zangu waumini, alikuwako binti mmoja wa miaka ishirini, mwanachuo, amebakiza mwezi mmoja aolewe. Alikuwa anaumwa. Chakula hakikai tumboni, mwili unakwisha, naye kimya. Kwa nini? Aliogopa upande wa bwana harusi wakisikia ni mgonjwa, posa itavunjwa. Basi akawa anajifunga khanga tatu, dera juu yake, na watu wakamwona amenawiri.

Chuoni kwao vijana wote walikuwa lazima wapimwe mafuta ya mwili. Akaenda, mama yake akamsindikiza. Nesi alikuwa na vipimo vitatu. Mizani, akapanda na nguo zake zote, uzito mzuri. Utepe wa kiunoni, ukapita juu ya khanga, kiuno kizuri. Cha tatu kilikuwa kibanio kidogo cha kubana ngozi ya nyuma ya mkono, kuona chini yake pana mafuta kiasi gani.

"Hiki hakipimi nguo, mdogo wangu," nesi akasema. "Pandisha dera, nishike ngozi yenyewe."

"Naona haya, dada."

Mama akadakia: "Mwari wa watu huyo, nesi! Vipimo viwili vimekubaliana, cha tatu cha nini?"

Nesi alikuwa na foleni mlangoni. Akaandika viwili, cha tatu akakipiga mstari. Binti akatoka pale anamshukuru Mungu kwamba hakushikwa. Jamani! Mtu anashukuru kwa lile litakalomuua.

Siku ya kumsinga, kumsugua mwili kwa manukato ya harusi, ikafika. Wanawake wakaja na liwa na vigelegele, wakamwingiza chumbani, wakamvua dera, wakamfungua khanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vigelegele vikakatika. Mikono ilikuwa mifupa mitupu. Wakamkimbiza hospitali, na daktari akamwambia mama: "Mwezi uliopita ugonjwa huu ulikuwa wa vidonge tu, mama." Siku ya tano, wanawake walewale waliokuja kumsinga ndio waliomwosha.

Mnatikisa vichwa. Najua mnasema nini moyoni: mficha maradhi kilio humfichua, kajitakia mwenyewe. Haya, alificha. Lakini mama aliyekula naye sinia moja hakuona matonge yanarudi? Na nesi, kipimo kiko mkononi mwake, alishindwa nini? Na sisi je?

Sisi tunapenda mizani, kwa sababu mizani inakubali upande na nguo zako. Tunapimana hapa kila Ijumaa. Kanzu imepigwa pasi, huyo yuko safu ya mbele, ukimwuliza hali anajibu alhamdulillahi. Vimekubaliana, basi, tunakwenda zetu. Mimi mwenyewe imamu wenu nimewaona vijana humu wanakwisha ndani ya kanzu zao, nikawapa mkono, nikasema mashaallah, nikapita. Naona uchungu kulisema hili, lakini ni kweli.

Mkitoka hapa msiende kuwauliza watoto wenu kama ni wazima. Watajibu ni wazima. Yule binti naye alijibu hivyo kila asubuhi. Kaeni nao, washikeni mikono leo, wakikataa msiwaachie upesi. Wale waliomwosha walimshika mwili mzima, wala hakusema anaona haya.