Zimwi na Uyoga Uliokatwa Shina

Paukwa!
Pakawa!

Palikuwa na zimwi kwenye msitu wa miombo. Mvua za kwanza ziliponyesha, likaingia kijijini. Likamkamata baba wa binti mmoja, Kalunde, likamng'oa kichwa. Mjomba wake akarusha mkuki. Mkuki ukagonga ngozi ukapinda. Zimwi likamvunja mgongo juu ya goti, likawameza wote wawili. Kisha likamfunga kamba Wande, mdogo wake Kalunde, likamburuta hadi pangoni.

Basi Kalunde, mchumaji uyoga, akalifuata.

“Niachie mdogo wangu!”

“Nitamla. Ila nyama tupu imenichosha. Lete uyoga. Ukinidanganya, nakula kidole chake. Ukinidanganya mara tatu, nakula vyote vilivyobaki.”

Siku ya kwanza Kalunde akaleta uyoga mwekundu wenye madoa.

“Pindua nione! Huu hata nzi haugusi.” Likang'ata kidole cha Wande, likatafuna.

Siku ya pili akaleta mweupe.

“Pindua nione! Vikunjo vya chini ya kofia ni vyeupe, na shina limevaa pete. Huu uliwahi kuniua nusu, binti.” Likang'ata cha pili.

Siku ya tatu Kalunde aliinama juu ya uyoga mweupe uleule. Kwao uyoga haukatwi. Hufukuliwa mpaka mwisho wa shina. Uyoga wa kichuguu, ule unaolika, una mzizi mrefu. Huu mweupe wenye sumu umekaa ndani ya kifuko kilichojificha udongoni. Wachumaji hukitafuta hicho ili waitambue sumu.

Basi akafanya jambo ambalo kwalo mama yake angemchapa kofi. Akakata mashina kwa kisu, akaacha vifuko ardhini. Akabandua pete zote. Juu ya kikapu akaweka mmoja wa kichuguu, nao akaukata shina.

“Pindua nione! Vikunjo vyeupe... hata vya uyoga wa kichuguu ni vyeupe. Pete haipo. Mbona umekatwa?”

“Nimekutolea udongo, bwana mkubwa. Au wapenda kutafuna mchanga?”

Zimwi likacheka. “Kula wewe kwanza.”

Kalunde akautwaa ule wa juu, akaumeza. Zimwi likamaliza kikapu.

Jua likazama. Zimwi likakoroma. Kalunde akangoja; sumu ile haina haraka. Kukapambazuka, zimwi bado zima.

“Asante kwa uyoga,” likasema. “Sasa nyama.”

Likamnyanyua Wande kwa nywele, likapanua kinywa. Hapo tumbo likalishika. Likamwangusha, likatapika damu, likapiga kichwa ukutani hadi meno yakamwagika. Likajikuna tumbo, likajikuna tena, likajikuna tena. Ngozi iliyoshinda mikuki ikapasuka kwa kucha zake lenyewe. Matumbo yakamwagika, zimwi likafa.

Msiniulize kama waliomezwa walitoka wazima. Ilitoka mifupa. Kalunde akaifunga ndani ya kanga, akaenda kumfungua mdogo wake.

“Dada,” Wande akasema, “nina njaa. Uyoga umebaki?”

“Hapana, mdogo wangu. Twende nikufukulie mwingine.”

Mimi hadithi yangu naikomesha hapo. Uyoga usioujua mpaka chini ya udongo, usiutie kinywani.