Uzi Mweupe wa Bi Vilayvan

Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Wengi wetu tukiusikia msemo huu tunafikiria minyororo. Lakini mtu anaweza kuvaa shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na bado akawa mtumwa wa neno alilolitamka kwa kinywa chake mwenyewe. Sengphet alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni mjini Luang Prabang, nchini Laos, na maneno hayakumpiga chenga. Alimpenda Daovi, binti wa Vientiane, na kwa kuogopa kumkosa alimwambia kwamba kwao ni ukoo wa wafua dhahabu. Ukweli ni kwamba mama yake, Bi Onsi, alivuna mwani wa mtoni na kuuanika juani kijijini. Mwaka mpya ulipoingia, mama yake Daovi, Bi Vilayvan, alipanda garimoshi kuja kumpima mchumba huyo. Mkobani alitia uzi mweupe wa baraka. Akiridhika, angemfunga Sengphet mkononi jioni ile, na kijana angekuwa mtoto wa nyumba yao.

Asubuhi walikwenda hekaluni, Bi Vilayvan akawapa watawa wali wa kunata na kusali. Kisha wakapanda mashua hadi kwenye mapango ya mtoni, Sengphet akisimulia njia nzima.

"Wewe mtoto unaongea!" Bi Vilayvan alicheka, akihema kwenye ngazi za pango. "Na ngazi hizi mliwajengea mbuzi?"

"Pole, mama. Nishike mkono."

Pangoni sanamu za Buddha zilijaa hadi gizani. Sanamu iliyovunjika au kuungua haitupwi. Huletwa humo ipumzike, na kila mwaka mpya wenyewe huja kuiogesha kwa maji ya maua.

"Ya kwenu ni ipi?" Bi Vilayvan aliuliza. "Nataka niiogeshe. Nikikupa binti, wazee wako ni wazee wangu."

Macho ya Sengphet yalikimbilia pembeni, kwenye kisanamu cha mti kilichoungua bega. Bibi yake ndiye aliyekileta, siku jiko lao liliposhika moto. Lakini wafua dhahabu na kijiti kilichoungua, wapi na wapi? Akanyoosha mkono kwenye sanamu ndefu iliyopakwa dhahabu. "Ile pale, mama."

Bi Vilayvan akapiga magoti. Akamimina maji polepole, akiwaombea heri wazee wa watu wengine kabisa.

Hapo ndipo Bi Onsi alipoingia. Sengphet alikuwa amemwomba aje kesho, lakini jirani mwenye mtumbwi alikuwa na safari leo. Alikuwa na bakuli la maji, kikapu cha mwani mgongoni na miguu yenye tope. Alimwona mwanawe, akatabasamu, akafungua kinywa. Sengphet akageuza uso ukutani. Tabasamu la mama likazimika, akaenda kuinama mbele ya kisanamu kilichoungua.

"Huyo mdogo ni wenu, dada?" Bi Vilayvan alimuuliza.

"Ni wetu. Huwa namwogesha na mwanangu."

"Na leo yuko wapi?"

Bi Onsi aliliweka sawa bakuli lake. "Yuko kazini, dada. Ana wageni wakubwa."

Sengphet alisikia aibu ikimchoma hadi masikioni. Alitamani kumwamkia mama yake, na hakuweza. Uongo wake ulikuwa umeshamkataza.

"Kijana, unatazama nini ukutani?" Bi Vilayvan alimwambia. "Msaidie mwenzangu, magoti yanamsumbua."

Akamsogelea bila kuinua macho. Bi Onsi alipoinamisha bakuli, kiganja cha Sengphet kilikwenda chenyewe kulifunika lile bega lililoungua, makaa yasimeguke. Ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni. Bi Vilayvan alikitazama kiganja kile, kisha uso wa yule mama, kisha uso wa kijana. Pua ni ile ile.

"Wafua dhahabu," alisema taratibu.

"Mama, naomba unisamehe..."

"Usiniombe mimi! Mimi umenidanganya tu. Huyu aliyekufichia aibu yako, umemfanya nini?" Akatikisa kichwa. "Mwani ningeula, tena kwa furaha. Mwanangu anaupenda. Lakini ukimkana aliyekuzaa mbele ya Buddha, binti yangu utamkana wapi?"

"Msamehe, dada," Bi Onsi alisihi. "Ni utoto."

Bi Vilayvan akatoa uzi mweupe mkobani. Sengphet, kwa mazoea tu, alinyoosha mkono. Uzi ukapita mbele yake. Bi Vilayvan aliushika mkono wa Bi Onsi uliochakaa kwa maji ya mto, akaufunga uzi, akamwombea afya na maisha marefu.

Safari ya kurudi mjini hakuna aliyesimuliwa chochote. Bi Vilayvan alitazama maji. Sengphet alikaa nyuma amebeba mkoba wa mgeni, mkononi hana uzi, kijiji cha mama yake kikipita ukingoni bila yeye kuthubutu kuomba mashua isimame. Kweli, mkataa kwao ni mtumwa.