Banda la Baiskeli Lisilo na Jina

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina kisa cha kuwapa, na jibu lake sina. Nikisema sina, sina kweli. Msinisubiri mwishoni mkidhani nimelificha mfukoni. Ni kisa cha aibu, tena aibu ya watu wema, ndiyo maana kinanisumbua hadi leo.

Palikuwa na kiwanda cha kamba za mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga. Karibu kila mfanyakazi alikwenda kazini kwa baiskeli, na miongoni mwao walikuwapo watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Mhina, askari wa getini. Kipaji chake kilikuwa masikio. Angekaa ameligeuzia geti mgongo, anakoroga chai yake, halafu akasema, "Karibu dada, mnyororo wako unataka mafuta," na akigeuka ni yule yule aliyemdhania. Kila baiskeli iliyopita pale aliijua kwa mlio.

Wa pili ni Mwanamvua, fundi wa mitambo. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alichomelea chuma kikashika, alifunga kitu kikafungika. Usukani wa baiskeli yake aliuviringisha kamba nyembamba ya mkonge ili mikono isiteleze kwa jasho, na mwisho wa kamba aliweka fundo lake mwenyewe. Wenzake walijaribu kuliiga, likawafunguka njiani.

Wa tatu ni Semkiwa, wa ofisi ya mauzo. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Huyu angekuomba kiti ulichokalia, ukampa, kisha ukasimama pembeni huku unamshukuru.

Na palikuwa na Kibwana, mfagizi wa uwanja. Kipaji chake sikijui, maana hakuna aliyewahi kukitafuta.

Sasa, kiwanda kile hakikuwa na mahali pa kuweka baiskeli. Kila mtu aliegemeza yake alipopaona: ukutani, kwenye nguzo, hata kwenye marobota ya kamba yaliyokuwa yakisubiri lori. Hapakuwa na pa kuoga wala pa kubadilisha nguo. Kina mama walijibanza nyuma ya tangi la maji, mmoja akishika khanga, mwingine akivua blauzi iliyolowa jasho. Na jua likizunguka, kivuli kilihama na kuziacha baiskeli kwenye jua la kupasua mipira. Basi kivuli kilipohama, Kibwana aliweka fagio chini akazihamisha baiskeli moja moja kukifuata. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshukuru pia, kwa sababu watu walikuwa ndani kwenye mitambo, na wakitoka waliikuta mipira yao mizima, wakaona ndivyo mipira ilivyo.

Siku moja baiskeli ya Mwanamvua ikapotea.

Alitafuta kila pembe, hakuiona. Mwanamvua alikaa Pongwe, na Pongwe si hapo. Alianza kuamka gizani atembee, akafika kazini miguu imevimba, na wenzake wakamwonea huruma. Huruma ile ikataka mtu wa kumbebesha lawama.

Mhina akaleta masikio yake. Alisema, "Jana jioni nilipita mtaa anaokaa Kibwana. Nikasikia mlio wa baiskeli ya Mwanamvua, kwi-kwi, kwi-kwi, nyuma ya nyumba yake. Sikuiona. Lakini mlio nimeusikia." Na ni kweli aliusikia.

Mwanamvua akaleta mikono yake. Alikwenda kuitazama baiskeli ya Kibwana, akashika usukani, akakuta umeviringishwa kamba ya mkonge, na mwisho wa kamba fundo. Akalipapasa fundo lile kwa kidole. "Hili ni fundo langu," alisema. "Nalijua hata nikifumba macho." Na ni kweli, fundo lilikuwa lake.

Semkiwa akaleta mdomo wake. Saa ya kutoka kazini, watu wamejaa getini, alipanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu," alisema, "mimi simwiti mtu mwizi. Nauliza tu. Ni nani hapa ambaye mikono yake hupita kwenye baiskeli ya kila mmoja wetu, mwenyewe akiwa hayupo?" Na ni kweli, hakumwita mtu mwizi.

Macho yote yakamgeukia Kibwana.

"Mimi huzitoa juani," alisema Kibwana.

Watu wakacheka. Walicheka sana, wengine hadi wakashikana mabega. Kibwana alisubiri wamalize, na walipokuwa hawamalizi akachukua baiskeli yake akaikokota hadi barabarani. Hakuipanda. Kesho yake hakuja kazini, wala keshokutwa.

Maneno yana miguu yake. Yalifika mtaani kwa Kibwana kabla yeye hajatafuta kazi nyingine. Pale mtaani ndiye aliyekuwa akitunza stoo ya vyombo vya watu wote: masufuria makubwa ya shughuli, maturubai, majamvi, na jeneza. Mtu akifiwa, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Majirani wakamjia kwa adabu zote, wakaulizana hali, wakanywa kahawa, kisha mmoja akasema funguo zingepumzika kwa mtu mwingine kwanza. Kibwana akazitoa mfukoni akazikabidhi. Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa ndani anasikia, na tangu siku ile akaacha kwenda kwenye shughuli za wenzake. Angekaaje jikoni, kila sahani inayopotea atazamwe yeye?

Huku kiwandani, mipira ilianza kupasuka. Watu wakasema ni mipira ya siku hizi, haina ubora. Wakasema pia wamechoka kuibiwa, wanataka banda. Na hapa ndipo vipaji vile vitatu vilipofanya kazi nzuri, sitawanyima haki yao.

Semkiwa aliingia kwa meneja kuomba mahali. Uwanjani palikuwa na sehemu moja tu yenye paa, nayo ilikuwa ya gari la meneja. Alipotoka, paa lilikuwa la wafanyakazi, na meneja alikuwa akimsindikiza mlangoni akimwambia ni wazo lililokuwa kichwani mwake muda mrefu.

Mwanamvua alikusanya vyuma vya mitambo iliyokufa, akachomelea vishikio vya kusimamisha baiskeli, akapitisha mnyororo wa kuzifunga zote. Pembeni akajenga mabafu, ya wanaume huku na ya wanawake kule, akaweka misumari ya kutundika nguo na kamba ya kuanikia khanga. Kina mama waliingia mle siku ya kwanza wakapiga vigelegele.

Mhina akahamishia kiti chake kati ya geti na banda. Baiskeli ikitoka, alisikiliza. Mtu akiondoka na isiyo yake, hata kwa kuchanganya tu, aliitwa arudi. Hakuna iliyopotea tena.

Meneja akafurahi. Akasema banda lipewe jina la mtu aliyelileta, liandikwe kwa rangi juu ya mlango, lisomwe na kila apitaye barabarani. Hapo ugomvi ukaanza.

"Bila mdomo wangu mngejenga hewani?" aliuliza Semkiwa.

"Bila mikono yangu mngeegemeza baiskeli kwenye maneno yako," alisema Mwanamvua.

"Bila masikio yangu mngejenga banda la kuibiwa vizuri," alisema Mhina.

Walibishana hadi siku ya uzinduzi. Fundi wa rangi alishapanda ngazi, ameandika BANDA LA, ameshika brashi anasubiri aambiwe. Wafanyakazi wamevaa nguo safi, soda zimewekwa mezani. Ndipo lori la kiwanda likaingia kutoka ghalani Korogwe, likasimama, na utingo akaanza kushusha kitu nyuma.

Mhina alikuwa ameligeuzia lori mgongo. Alisikia kwi-kwi, kwi-kwi. Chupa ya soda ikamtoka mkononi.

"Hii ya nani jamani?" aliuliza utingo kwa furaha, akiikokota. "Tumeikuta ghalani, nyuma kabisa ya marobota. Nadhani wapakiaji waliipakia pamoja na mzigo, wakadhani inakwenda huko."

Mwanamvua aliitazama baiskeli yake, akakumbuka. Siku ile mvua ilikuwa inatishia, yeye amechelewa, na kila ukuta umejaa. Aliiegemeza kwenye marobota akakimbilia ndani. Wapakiaji nao walikimbizana na mvua, wakatupia ndani kila kilichokuwa pale.

"Ni mimi niliyeiweka pale," alisema. "Mimi mwenyewe." Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na nguo zake safi.

Hakuna aliyekunywa soda. Fundi wa rangi aliuliza aandike jina gani, na wale watatu waliokuwa wakiligombania wakatazama chini. Mmoja wa wafanyakazi akasema kwa sauti ndogo, "Alituambia anazitoa juani." Halafu kila mtu akaikumbuka mipira yake.

Kesho yake wale watatu walikwenda nyumbani kwa Kibwana na sukari na unga. Alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo kaka Kibwana," alisema Mwanamvua.

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Walikaa. Bi Mwantumu akawaletea maji, akarudi ndani bila kuwatazama. Mhina aliiona baiskeli ya Kibwana imeegemezwa ukutani, akaomba aisukume kidogo. Ikalia kwi-kwi, kwi-kwi.

"Pedeli zake nilizinunua jioni ile ile uliyopita mtaani, kwa fundi yule yule wa Mwanamvua," alisema Kibwana. "Na lile fundo nililiiga. Nilikuwa naliona kila siku nikiihamisha baiskeli yako, dada, nikalipenda. Ungeniuliza ningekwambia."

Hapo ndipo walipovunjika. Walianza kusema wote kwa pamoja: tumekosa, tumekosa, tusamehe.

"Mmekosa nyote?" aliuliza Kibwana.

"Sote!"

"Mkisema nyote, naona hakuna aliyekosa."

Semkiwa akasema kiwanda kiko tayari kuliita banda lile Banda la Kibwana, liandikwe kwa rangi nzuri.

"Jina langu mmeshalitumia," alisema Kibwana. "Liacheni. Mimi nataka kitu kimoja. Jumapili mtaa unakutana kupanga harusi, watakuwapo wote walionichukulia funguo. Aje mmoja wenu. Mkija watatu, watasema kiwanda kimeomba radhi, na si kiwanda kilichoniharibia jina. Aje yule ambaye bila yeye nisingeitwa mwizi. Asimame aseme: Kibwana hakuiba, mimi ndiye niliyemvunjia heshima. Wawili wabaki nyumbani."

"Na tukimleta asiye yeye?" aliuliza Mhina.

"Atasema maneno ya kukariri. Mtaa wangu una watu wazima, watajua. Mke wangu atajua kabla yao."

Walirudi wakikokota baiskeli zao, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupanda. Njiani kila mmoja alijaribu kujitetea, na nawasihi muwasikilize, maana hakuna hata mmoja aliyesema uongo.

Mhina alisema, "Nilisema nilichokisikia. Sikusema ameiba. Mlio ulikuwa ule ule, nanyi mmeusikia leo kwa masikio yenu." Alitembea kidogo, akaongeza, "Lakini kabla sijafungua mdomo, hakuna aliyekuwa amelitaja jina la Kibwana."

Mwanamvua alisema, "Fundo lilikuwa langu. Na mali iliyopotea ilikuwa yangu. Mtu aliyeibiwa haruhusiwi kutafuta?" Kisha akasema, "Wasingemwamini Mhina kwa mlio peke yake. Walipoona mimi mwenyewe nimelishika lile fundo, ndipo wakaamini. Na baiskeli niliiweka mimi kwenye marobota, nikaisahau."

Semkiwa alitaka kusema kwamba yeye aliuliza tu. Alifungua mdomo. Mtu yule aliyemtoa meneja chini ya paa lake alifungua mdomo, maneno yakamkauka. Baadaye sana ndipo aliposema, "Ninyi mlinong'ona. Minong'ono ingekufa yenyewe. Mimi ndiye niliyepanda juu ya jiwe." Na kidogo tena akasema, "Lakini mimi siye niliyecheka. Waliocheka ni wengi, na ndio waliopeleka habari mtaani. Hao nao tunawaweka wapi?"

Yeyote atakayekwenda atajulikana mtaa ule kuwa ndiye mzushi, yeye peke yake, na wenzake wawili watahesabiwa kuwa safi. Watakaobaki watakaa nyumbani Jumapili nzima na aibu ambayo hawakupewa nafasi ya kuitamka. Mwanamvua alisema afadhali aende. Mhina naye akasema afadhali aende yeye. Semkiwa aliendelea kukokota baiskeli yake.

Mbele ya baraza la mwenyekiti wa mtaa, mtaa unapokutania, kutawekwa kiti kimoja. Kibwana atakuwa ameketi na wenzake, Bi Mwantumu atakuwa amesimama mlangoni kwa jirani ili asikie, na stoo ya vyombo imefungwa, funguo ziko kwa mtu mwingine. Aliyesikia, aliyeshika, aliyesema. Mmoja tu. Na ninyi mliokaa hapa, mliocheka pamoja nami nilipowahadithia habari za kiti cha Semkiwa na paa la meneja, nijibuni bila kutazamana usoni.

Je, wewe ungemtuma nani?