Mkwe wa Sultani Ghanimu

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akiamka na wazo basi mji mzima hulala nalo, palikuwa na dobi mmoja katika kasri la Sultani Ghanimu, jina lake Feruzi. Mali yake ilikuwa kanzu moja na ulimi mmoja, na kanzu yenyewe ilikuwa na matundu. Alikuwa na mke, Mwanakheri, mwenye mimba ya kwanza, na kila jioni Feruzi akishaanika nguo za wakubwa hukimbia nyumbani kwenda kulijulia hali tumbo.

Basi siku moja Sultani akaambiwa na mgeni wake kwamba watumishi wakiitwa jamaa hufanya kazi maradufu. Wazo likamkaa. Asubuhi yake akawakusanya uani wapishi na mabawabu, washonaji na madobi, akawaambia, "Kuanzia leo hapa hakuna mtumishi. Mimi ni baba, ninyi ni wanangu, na kasri hili ndilo kwenu. Na mtoto mwema hatoki kwa baba yake eti kwa kuwa jua limezama."

Watu wakapiga makofi, kwani Waziri Sabri alikuwa amesimama nyuma yao na bakora. Lango likafungwa. Ikawa wanafua hadi taa ziwashwe, wanalala juu ya mafurushi, wanaamka, wanafua. Alhamisi wakaletewa halwa na ngoma ili wafurahi, na asiyecheka akaulizwa kwa nini hawapendi ndugu zake. Feruzi akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na moyo wake wote uko kwa Mwanakheri, ambaye mwezi wake ulikuwa umeingia.

Ndipo Bi Kirembo, mama yake Mwanakheri, akaja nje ya kasri akapaza sauti juu ya ukuta: "Wee Feruzi! Mimba hii ina mwenyewe, au niliitia mimi? Mwanangu ameanza kuumwa kiuno, anakutaka wewe!"

Feruzi akaacha joho la Sultani likielea pipani, akaenda barazani na mikono ina povu.

"Ewe baba," akasema, "nipe ruhusa niende kwangu. Mke wangu yu karibu kujifungua, na anataka niwe karibu naye."

Sultani akatabasamu. "Kwako wapi tena, mwanangu? Kwako si hapa?"

"Na mke wangu, baba?"

"Mke wa mwanangu ni mkwe wangu. Nampenda kama mboni ya jicho langu. Lakini kutoka, hutoki."

Feruzi akamgeukia Waziri, aliyesimama kando ya Sultani. "Waziri, umesikia? Mke wangu ni mkwe wa Sultani, na kwangu ni hapa."

Waziri Sabri, asiyethubutu kumpinga bwana wake hata ndotoni, akasema, "Nimesikia, nami ni shahidi."

"Basi nimeridhika," akasema Feruzi, akaubusu mkono wa Sultani, akauacha umejaa povu.

Akaenda moja kwa moja langoni, akamtuma Bi Kirembo akamlete Mwanakheri, akawaamuru mabawabu wampishe mkwe wa Sultani. Nani angethubutu kumzuia mkwe wa Sultani? Mwanakheri akaingia ameegemea bega la mkunga, nyuma yake Bi Kirembo na sufuria za maji, na nyuma yao mashangazi na vigelegele. Sasa, mzazi hulazwa chumba cha ndani kabisa, pasipo upepo. Na chumba cha ndani kabisa katika kasri lile ndicho kile chenye kitanda cha hariri.

Adhuhuri Sultani akaenda kujinyoosha. Akakuta mlango umefungwa, moshi wa ubani unatokea chini yake, na Bi Kirembo ameketi kizingitini, amejifunga kibwebwe.

"Karibu, mkwe mwenzangu," akasema, "ila ukomee hapo hapo."

"Nikomee? Hiki ni chumba changu!"

"Jamani, mwanamume huyu! Umeona wapi baba mkwe akaingia alikolala mke wa mwanawe, tena yu katika uchungu? Huna haya?"

"Mimi ni Sultani!"

"Usultani uuache barazani. Hapa wewe ni babu, na kazi ya babu ni kuni. Haya, moto unazimika!"

Sultani akageuka amwite Waziri. Waziri alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani, kwa kuwa mashangazi walikwisha kumwita ami.

Kabla ya alasiri kilio chembamba kikatoka chumbani. Mtoto wa kike. Feruzi, aliyekuwa chini ya dirisha akimwitikia mkewe kila alipomwita, akapiga magoti akalia kama aliyezaliwa ni yeye.

"Alhamdulillahi," akasema Sultani, akijifuta jasho. "Sasa mchukue mkeo, nilale."

"Thubutu!" akafoka Bi Kirembo. "Mzazi hatoki mpaka arobaini."

Watumishi waliokuwa uani, mbele ya mlango ule, wakatazamana. Mpishi akasogea mbele, akasema kwa adabu, "Baba, nami nina wake wawili wasiosemezana. Niwalaze pande zipi za kasri?"

"Nami, baba," akadakia mshonaji, "mama mkwe wangu anakoroma, lakini akisikia amekupata wewe atafurahi sana."

Sultani akashika kilemba kwa mikono miwili. "Mimi si baba yenu!"

Feruzi akainuka pale chini ya dirisha.

"Kama si baba," Feruzi akauliza taratibu, "wewe kwetu ni nani?"

"Bwana wenu! Nanyi ni watumishi wangu!"

"Na mtumishi, jua likizama, huenda wapi?"

"Kwake!"

"Na mkewe akishikwa na uchungu?"

"Huenda kwake hata jua liwe utosini! Fungueni lango! Tokeni, tokeni nyote!"

Wakatoka mbio, wanacheka bila kupigiwa ngoma. Akabaki Sultani, anautazama mlango wake uliofungwa, kisha anamtazama Feruzi, na kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka akaketi chini.

"Ewe dobi," akasema, "umenitoa kitandani mwangu kwa maneno yangu mwenyewe. Haya, kaa na mkeo mpaka arobaini iishe, na uji wake utoke jikoni kwangu. Lakini mimi je, nilale wapi?"

"Nyumba yangu i wazi, bwana," akasema Feruzi. "Kitanda kina kunguni, ila usiwaudhi. Katika nchi yako yote, hao tu ndio wanaofanya kazi usiku kucha kwa mapenzi."