Mkeka wa Kwanza ni wa Somo

Hapo zamani, kabla mikeka ya dukani haijafika, palikuwa na mji wenye mikindu mingi, na katika mji huo aliishi mwanamke kijana jina lake Mize. Alikuwa na mume, Faki. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike. Tena alikuwa na mafundo matatu kwenye pindo la kanga yake.

Mafundo hayo hayakufungia pesa. Kila fundo lilikuwa jambo ambalo Mize alitaka kuliweza mwenyewe, kwa kuwa alilipenda tu. La kwanza, kupika mkate wa kumimina usioungua chini. La pili, kumshinda Faki kwenye bao. La tatu, kusuka mkeka mzima kwa mikono yake. Akiliweza jambo, hufungua fundo.

Wifi yake Zamda, dada yake Faki, aliyaona mafundo akamcheka. "Wifi, hiyo ni kanga au kamba ya kufungia mbuzi?"

Mize akacheka naye. Alijua yatafunguka.

Na kweli. Mkate uliungua, ukaungua tena, halafu siku moja ukatoka chunguni mwekundu pande zote, laini katikati. Akafungua fundo. Kwenye bao alishindwa, akashindwa tena, halafu jioni moja Faki akatazama upande wake, kete zimekwisha. Faki akainuka kwenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Fundo la pili likafunguka.

Likabaki la mkeka.

Mize akamwendea Bi Rehani, msukaji mikeka wa mtaa wa pili. Bi Rehani hakumdai kitu. Alimkalisha, akamshika vidole, akamwonyesha jinsi ya kuanza ukili, ule utepe mrefu wa kindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Kindu laini alimwekea Mize, zile ngumu akasuka mwenyewe. Hakulisema, lakini Mize aliliona. Na kila Mize alipouliza kama ukili umenyooka, Bi Rehani alimwonea huruma, akamjibu kuwa ni mzuri, aendelee.

Mikono ikisuka, mtoto nani atamshika? Mama mkwe wake, Bi Mwatumu, alikuwa na vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi, kusuka hawezi tena. Lakini kila alasiri alimbeba mtoto mgongoni akazunguka naye uani, akimwimbia. Mtoto akililia ziwa, bibi alimleta, akamshikilia kifuani pa mama yake mpaka ashibe, vidole vya Mize visisimame. Bibi mwenyewe alilalia mkeka uliochakaa, hata kamba za kitanda zikamchora mgongoni.

Ukili ulipokuwa mrefu, Mize akaupeleka kwa Zamda, naye alijua kusuka, autazame kabla ya kushonwa. Zamda akaukunjua, ukaenda mpaka mwisho wa ua. Akaufuata kwa macho. Kisha akasema, "Wifi, huu ukili au njia ya nyoka? Ukiushona hivi, mkeka utapinda kama mdomo wa mwenye jino bovu."

Akaanza kuufumua. Mize akamshika mkono, Zamda akauondoa mkono ule, akafumua mpaka mwanzo kabisa. Mize akalia, akaapa moyoni kwamba hatasema naye.

Kulipokucha, Mize akakuta kindu zake zimelowekwa kwenye beseni, maana kindu kavu iliyofumuliwa hukatika ukiisuka tena. Zilikuwa zimenyooshwa moja moja. Hakuna aliyesema ni kazi ya nani. Lakini Zamda alipompa chai, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

Mize akasuka upya. Safari hii hakumwuliza mtu kama umenyooka, macho yake mwenyewe yalimwambia. Akaushona ukili kwa ukili, na mkeka ukawa mkeka.

Sasa, mji ule ulikuwa na neno lake: mkeka wa kwanza haukai kwa aliyeusuka. Mkeka wa kwanza ni wa somo. Ukiuzuia, mikono husahau. Kwa hiyo Mize alijua fundo la tatu halifunguki mpaka mkeka umfikie huyo somo. Akautandaza uani, akamwita na Bi Rehani, akauliza mbele ya wote, somo ni nani? Hapo maneno yakaanza.

Bi Rehani akasema, "Somo ni anayekufunza, mwanangu. Ulikuja kwangu hujui kindu ina kichwa wapi. Vidole hivyo nilivishika mimi."

Zamda akasema, "Somo ni kile ulichojifunza. Kwa Bi Rehani ulijifunza kuambiwa mzuri. Kunyoosha ulijifunza kwa nani, wifi? Bila mimi leo ungekuwa umetandaza nyoka."

Bi Mwatumu alikuwa amembeba mjukuu wake. Akacheka taratibu. "Ninyi nyote mwalijua neno hili tangu utotoni. Somo ni mtu wa jina lako. Mtoto huyu mmemwita nani? Mwatumu. Basi humu ndani somo ni mimi, na somo yangu huyu ndiye niliyembeba ili mkeka usukwe."

Faki akatoa shauri kwamba mkeka ukatwe mapande matatu. Wanawake wote wakamgeukia. Zamda akamwambia, "Kaka, rudi kwenye bao." Mkeka ukikatwa hufumuka, hata mtoto anajua hilo.

Mize alimtazama Bi Rehani, akakumbuka kindu laini. Alimtazama Zamda, akakumbuka beseni. Alimtazama mama mkwe wake, akakumbuka kamba za kitanda. Hakuogopa. Mikono iliyojifunza kunyoosha ukili ingeweza hata hili. Akauviringa mkeka, akautia kwapani, akaenda moja kwa moja kwa mtu mmoja, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Kisha akasimama, akafungua fundo la tatu, na kabla jua halijazama alikwisha kufunga jingine.

Ninyi mliokaa hapa, mmesikia maneno ya wote watatu. Kuna aliyeshika vidole, kuna aliyefumua, kuna aliyembeba mtoto. Haya, semeni: Mize alimpigia goti nani?