Matanga Kwenye Kiota cha Mwewe

Paukwa!
Pakawa!
Wenye macho wapo?
Tupo, tumekodoa!
Basi kodoeni chini pia, maana juu mmeshatazama sana.

Alikuwapo Bi Mwewe, mwenye makinda mawili. Alijenga kiota ukingoni mwa paa la chuo kimoja cha mjini, mkabala na madirisha ya maktaba. Chini yake kidogo, nyuma ya kiyoyozi kibovu, alikaa Shomoro na makinda yake matatu.

Bi Mwewe akashuka. Vuuu! Kwapu! Akabeba kinda la Shomoro. Madirishani makofi: pwa! pwa! pwa!

"Jamani, njooni muone!" akaita Nasra, binti wa mwaka wa pili, simu juu. "Anavyolisha wanawe! Mama ni mama!"

Kesho yake tena. Vuuu! Kwapu! La pili. Makofi: pwa! pwa! pwa! Shomoro akalia chiri, chiri. Hakuna simu iliyogeuka.

"Kesho namfuata huyo wa mwisho," Bi Mwewe akasema. "Usimkondeshe."

"Mimi nani nikukatalie, Bibi?"

Bi Mwewe alipokwenda kuwinda, Shomoro akamkokota mwanawe, ruka kidogo, pumzika kidogo, mpaka juu. Akamchomeka ndani ya vijiti vya kiota cha Mwewe, upande wa chini. Nani hutafuta kitoweo kitandani kwake? Kisha akakaa palepale, akaangua kilio.

"Kuna nini nyumbani kwangu?" akauliza Bi Mwewe aliporudi.

"Msiba, Bibi. Kunguru kammaliza aliyebaki. Mfiwa hapiki, na jirani yangu ni wewe tu. Nimekuja kukaa matanga kwako."

"Potea!"

"Nitapotea. Ila wanakutazama."

Bi Mwewe akageuza shingo. Madirisha yamejaa simu. Akakohoa, akainamisha kichwa. "Pole, mwaya. Kazi ya Mungu."

"Jamani, anamfariji!" Nasra akafuta machozi.

Basi kila asubuhi Bi Mwewe akawa anamletea mfiwa panzi, simu zikishainuka. Shomoro anampokea panzi, anampenyeza chini kwenye vijiti, anaendelea kulia.

Mnacheka? Msicheke. Uongo ulikuwa mmoja tu, wa kunguru. Kilio kilikuwa cha kweli, cha wale wawili, na aliyewaua ndiye aliyemfunika bawa akimwambia pole. Naye akaitikia, "Ahsante, Bibi," kwa kuwa chini yake palikuwa na mdomo mmoja ulio wazi.

Makinda ya Mwewe yakaota mabawa, yakaruka. Chuo kizima vigelegele! Katika kelele hizo yule mdogo naye akachomoka, purrr, mama yake nyuma. Walipotua mtaa wa pili akauliza, "Mama, ndugu zangu tunawangoja hapa?"

Shomoro akamlaza manyoya ya shingo, moja moja, mpaka yakaisha.

"Ruka, mwanangu."

Hadithi imeruka, msiishike mkia. Na funzo msilisahau: wenye nguvu wana huruma sana. Akishakula wanao, mkubwa atakuja mwenyewe kukupa pole. Kuwa na shukrani.